Anapokana: namna ya kuketi na mtuhumiwa wa ubakaji kabla ya hukumu

Wanafunzi wa saikolojia wanaokuja kwangu kufanya staji (mafunzo ya kazini), hapa Lubumbashi, Kongo, huniuliza swali lilelile kabla hata hawajavuta kiti: "Mama, nitajuaje kama anadanganya?" Nawajibu kwamba hawatajua, na kwamba hakuna aliyewatuma kujua. Kutafuta kama tendo lilifanyika ni kazi ya OPJ (afisa wa polisi anayechunguza kesi), ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na mwisho ya hakimu. Sisi tunaitwa kuelewa mtu anayesema "hapana" amesimama wapi, hapana yake inalinda nini, na tuongee naye vipi bila kuivunja haki yake wala haki ya anayemlalamikia.

Ninawaandikia wao, pamoja na makasisi wa magereza, wasaidizi wa kisaikolojia wa mashirika na avoka (mawakili) vijana. Nazungumzia mtuhumiwa, mtu ambaye hajahukumiwa. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 2006 kinamhesabu hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kati ya wanaokana wamo ambao hawakufanya lolote. Wamo pia waliofanya, na mtoto au mwanamke waliyemuumiza yuko mtaa wa Katuba au Ruashi anaogopa kutoka nje. Ukiingia kwenye chumba ukiwa umesahau asiye na hatia au aliyeumizwa, ni afadhali urudi nyumbani.

Kabla ya kuketi

Uliza nani amekutuma. Ni majistra, yaani mwendesha mashtaka au hakimu, kwa rekizisyo (barua rasmi ya kukuita)? Ni avoka wa mtuhumiwa? Ni familia? Sheria nambari 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu aite daktari na mwanasaikolojia waangalie hali ya mwathiriwa, matunzo anayohitaji na uzito wa madhara aliyopata. Kama wewe ndiye uliyeitwa kwa ajili ya mwathiriwa, usimpokee mtuhumiwa hata familia yake ikipiga magoti mlangoni. Mpeleke kwa mwenzako. Mtoto akisikia kwamba mama aliyemsikiliza Jumatatu alikuwa gereza la Kasapa Jumanne, akimsikiliza jirani aliyemtaja, hatafungua kinywa tena.

Ukishaketi, sema mambo manne kwa lugha ya mtu huyo, polepole, kabla ya swali lolote. Mimi huyasema hivi: "Papa, nimetumwa na fulani. Yale utakayoniambia, mengine yataandikwa kwenye ripoti, na majistra ataisoma. Huna lazima ya kunijibu. Kama una avoka, ongea naye kwanza. Kama huna, baro, chama cha mawakili, ina ofisi ya kushauri bure." Halafu muulize arudie kwa maneno yake alivyoelewa. Wengi hurudia vibaya mara ya kwanza, kwa sababu wametoka kulala chini kwenye kasho (mahabusu) na kichwa hakijakaa. Eleza tena.

Muulize pia kama PV, karatasi ya mahojiano ya polisi, alisomewa kwa lugha anayoielewa. Mtu anajieleza kwa Kiswahili, karatasi inaandikwa kwa Kifaransa, anatia kidole gumba chini. Baadaye anakana maneno yaliyo kwenye karatasi, na wote wanasema amebadilisha habari. Pengine amebadilisha kweli. Pengine hakuwahi kuyasema. Hilo mwachie avoka, lakini liandike.

Usisome macho

Hii naiweka mapema kwa sababu ndiyo inayowapotosha vijana wangu kuliko yote. Anatazama chini, basi ana hatia. Anatoka jasho, basi anaficha kitu. Anaongea bila kulia, basi hana moyo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa juu ya watu wanaojaribu kutambua uongo kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji. Wastani wa kupata jibu sahihi ulikuwa asilimia 54. Ukirusha sarafu juu utakaribia kupata sawa na hao.

Na hapa kwetu mtoto amelelewa asimkazie macho mkubwa. Kijana wa miaka 20 aliye mbele ya mama mwenye umri wa mama yake, akiulizwa mambo ya kitandani, atatazama sakafu. Angetazama sakafu hata kama siku hiyo alikuwa Likasi na mashahidi kumi.

Hapana zina sura nyingi

Neno ni moja, lakini wanaolisema hawasemi jambo moja. Sikiliza ni nini hasa kinachokanwa.

Kuna anayekana kila kitu: sikuwepo, simjui, ni njama. Usiikunjie uso habari ya njama. Parseli (viwanja) zinagombewa, wake wenza wanachukiana, madeni yapo. Andika anachosema kama alivyokisema na uwaachie wachunguzi.

Kuna anayesema alikuwepo lakini kilichotokea si ubakaji. "Alikubali." "Ni mchumba wangu." "Nilishaongea na baba yake." Huyu anahitaji sikio la karibu, kwa sababu mara nyingine hakani tendo hata kidogo, anakana kwamba tendo hilo ni kosa. Sheria 06/018 ya siku hiyohiyo ya Julai 2006 inasema wazi kwamba kulala na mtu ambaye hajatimiza miaka 18 kunahesabiwa kuwa ubakaji hata kama yeye alisema ndiyo, na adhabu ya ubakaji ni miaka 5 hadi 20. Mwanaume aliyempa baba mbuzi na dola mia anaamini jambo limekwisha. Halijaisha. Kulipa hakufuti kesi ya namna hii. Ukimwambia tu kwamba anadanganya, mtazunguka asubuhi nzima, kwa sababu ndani ya kichwa chake anasema kweli. Mweleze sheria inasema nini, kisha nyamaza umwone anavyoipokea. Anayeshtuka na anayecheka wamekuonyesha vitu viwili tofauti.

Kuna anayesema lilitokea lakini si yeye aliyetenda: lutuku, pombe kali ya kienyeji, ilimpanda, shetani alimshika, amerogwa. Kuna anayesema lilitokea lakini halikumuumiza mtu, "mbona kesho yake alienda shule?" Na kuna asiyekumbuka. Pombe nyingi inaweza kweli kuuzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu huku mtu akitembea na kuongea, kwa hiyo "sikumbuki" inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa mahali pa kujificha. Kwa vyovyote, usimjazie pengo. Usimwambie "labda ulifanya hivi". Mtu mchovu, mwenye njaa, mdogo wa umri, anayetamani tu kutoka kwenye kile chumba, anaweza kukubali kosa lisilo lake. Yameshatokea nchi nyingi, na watu walifungwa miaka kabla ukweli haujajulikana.

Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Gresham Sykes na David Matza, waliandika juu ya vijana wakosaji na njia tano wanazotumia kujitoa lawamani: kukana kwamba wao ndio waliosababisha, kukana madhara, kukana kwamba kuna aliyeonewa, kuwalaumu wanaowalaumu, na kudai walifanya kwa ajili ya wenzao. Ukizisikiliza hapana za hapo juu utazikuta karibu zote. Ila kumbuka, aliyesingiziwa naye atawalaumu wanaomlaumu. Njia hizo zinakusaidia kupanga unachosikia. Haziwezi kukuambia nani alifanya.

Hapana yake inalinda nini

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nataka ukae muda mrefu.

Mwaka 1991 watafiti Richard Rogers na Rob Dickey walipanga maelezo ya kukana katika mafungu matatu. La kwanza linasema mtu anakana kwa sababu ana ugonjwa wa nafsi. La pili linasema anakana kwa sababu ndivyo walivyo wahalifu. La tatu linasema anapima hasara na faida: yuko mahali pa hatari, anachagua njia anayoona itamwokoa. Mimi nimeegemea fungu la tatu tangu zamani, na kila nikitoka kule gerezani naliegemea zaidi. Mtu anayeweza kupata miaka 20, ambaye mkewe anaweza kuondoka, ambaye shule itamfukuza na kanisa litamtangaza mbele ya waumini, kwa nini aseme ndiyo kwa mgeni aliyeshika kalamu?

Juu ya hofu hiyo kuna aibu. Mwanasaikolojia June Tangney ametumia miaka mingi kutenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Mtu anaweza kujisikia vibaya juu ya alichokifanya; huyo huelekea kutengeneza, kuomba radhi, kulipa. Mwingine anajiona yeye mzima amekuwa uchafu, na huyo hujificha, hukasirika, hutupa lawama kwa wengine. Ukimwita mnyama, ukimwambia hana utu, unamsukuma upande wa pili. Hasemi kweli zaidi kwa kudharauliwa.

Halafu kuna uongo anaojiambia mwenyewe. Mwanasaikolojia Leon Festinger alionyesha, mwaka huohuo wa 1957, jinsi mtu asivyoweza kukaa muda mrefu na mambo mawili yanayopingana ndani yake. "Mimi ni baba mwema" na "nilimfanyia mtoto wa jirani vile" hayawezi kulala kitanda kimoja. Kimoja kitatolewa, na si rahisi kikawa kile cha kwanza. Ndiyo maana utamkuta mtu anakana hata mahali ambapo kukana hakumsaidii chochote, hata akiwa peke yake.

Kuna mwanaume mmoja niliyeketi naye. Nimebadilisha kazi yake na mtaa wake. Saa nzima ya kwanza alinitajia vyeo: mwalimu, kiongozi wa kwaya, mwenyekiti wa tontine (mchango wa zamu) ya mtaa. "Mama, miye shikumugusa yule mutoto. Ulizia kanisani." Nikaacha habari ya mtoto. Nikamuuliza nani anamletea chakula. Alikaa kimya, akavuta kola ya shati, akaikunja, akaikunjua. Mama yake, akasema, anatoka Kipushi kila Jumamosi na bukari (ugali) na ndakala (dagaa) ndani ya kitambaa. "Yule muzee akisikia nilisema ndiyo, atakufa."

Mpaka leo siwezi kusema kama alifanya au hakufanya, na sentensi ile ingeweza kutoka kinywani mwa mtu wa namna yoyote. Lakini kuanzia hapo nilijua yuko chumbani na nani. Tangu siku hiyo nawafundisha vijana kuchora. Chukua karatasi, andika katikati jina la mtuhumiwa, halafu zunguka na kila mtu ambaye habari zake zikimfika kuna kitu kitavunjika: mama, mke, shemeji aliyempa kazi, pasta, watoto wanaosoma. Andika kando ya kila jina kitakachovunjika. Karatasi hiyo isiende kwenye ripoti. Ni yako, ikukumbushe uzito wa neno unalolisubiri.

Mwisho kuna imani alizokuja nazo. Mwanamke akikataa anataka kubembelezwa. Mwanaume hawezi kujizuia akishaanza. Msichana aliyevaa vile alijua. Hizi usizipinge kikao cha kwanza kama mhubiri. Ziulize: "Nani alikufundisha hivyo? Binti yako akisema hapana, unataka aeleweke vipi?" Swali la binti ni zito, lisubirie mahali pake.

Maswali

Acha kabisa "kwa nini ulifanya?" Limeshahukumu. Acha "kama huna hatia, kwa nini wamekukamata?" Acha "sema tu, utajisikia vizuri," na acha kwa nguvu zote "ukikubali nitaongea na majistra." Huna ahadi hiyo mfukoni.

Anza na siku ya kawaida: unaamka saa ngapi, nyumbani kuna nani, nani analala chumba gani, unakunywa na nani. Kisha: "Nieleze siku hiyo tangu asubuhi, nami sitakukatiza." Na usimkatize kweli. Akimaliza, rudia maneno yake kama alivyoyasema na umuulize kama umeelewa. Ukiona habari mbili haziendani, zitaje zote mbili bila kupandisha sauti: "Ulisema ulifunga duka saa kumi na mbili, halafu ukasema mteja alikuja saa moja. Nisaidie nielewe." Kwa namna hii mtu anaweza kurekebisha bila kuanguka.

Huu si upole wa bure. Ulf Holmberg na Sven-Åke Christianson walitoa mwaka 2002, huko Uswidi, majibu ya wafungwa waliohukumiwa kwa mauaji na kwa makosa ya ngono juu ya walivyohojiwa na polisi. Waliosema walitendewa kama binadamu walielekea zaidi kuwa wamekiri. Waliosema walikandamizwa walielekea zaidi kuwa wamekana. Wanaopiga kelele kwenye chumba cha mahojiano hawamsaidii hata mwathiriwa wanayedai kumpigania.

Mke kwenye geti

Utakutana naye, na mara nyingi anakana kwa nguvu kuliko mumewe. "Nimelala na huyu mwanaume miaka kumi na tano, ningejua." Mwonee huruma, maana akikubali anapoteza nyumba, kodi, na jina lake sokoni. Usimshindanishe na ushahidi, ushahidi si wako. Muulize jambo moja ambalo halihitaji aamue nani mkweli: "Mama, leo usiku watoto wanalala wapi, na nani?" Kama mlalamikaji ni mtoto wa nyumba hiyohiyo, usalama wake unatangulia mpango mwingine wote, na haungoji mtu yeyote akiri. Shangazi yake anaweza kumchukua? Mtu wa ustawi wa jamii ameshafika?

Familia ikikuomba ubebe ujumbe kwenda kwa mlalamikaji, au umlete wasameheane, kataa hapo hapo. Usiseme utafikiri.

Ripoti

Andika kinachokanwa, kwa maneno yake, ndani ya alama za kunukuu. Andika hali yake: usingizi, chakula, pombe, hofu, afya ya akili. Andika usichoweza kukijibu kama umeulizwa kilicho nje ya kazi yako.

Usiandike "anakana, kwa hiyo ni hatari." Watafiti Karl Hanson na Monique Bussière walijumlisha tafiti 61 mwaka 1998, juu ya watu waliokwisha kuhukumiwa, na hawakuona kwamba kukana kunatabiri nani atarudia kosa la ngono. Hesabu kubwa zaidi ya mwaka 2005, ya Hanson na Kelly Morton-Bourgon, yenye tafiti 82, ikasema hivyohivyo. Kevin Nunes na wenzake walikuja mwaka 2007 na jambo la kuangalia: kwa waliokosea ndani ya familia yao, kukana kulienda pamoja na kurudia kosa. Majistra atakuuliza, kwa hiyo yajue yote mawili. Wala usiandike kinyume chake, kwamba anakana kwa utulivu kwa hiyo hana hatia.

Akihukumiwa na bado anakana, kazi haijafungwa. Kule Kanada William Marshall na wenzake walieleza mwaka 2001 mpango wao kwa wanaokana kabisa. Hawakuwadai ungamo. Waliwauliza ni nini katika maisha yao kilichowaweka mahali ambapo mtu angeweza kuwashtaki, wakafanya kazi juu ya hayo: pombe, upweke, kukaa peke yao na watoto wa watu, namna wanavyomtazama mwanamke. Swali hilo linaulizika hapa kwetu bila vifaa vyovyote, kwenye benchi.

Akianza kusema

Inatokea. Sauti inashuka, anasema "Mama, kuna kitu." Kesi haijahukumiwa, kwa hiyo mkumbushe mara moja yale mambo manne ya mwanzo na umuulize kama anataka avoka wake awepo. Hata akiendelea, usimshangilie, usimkumbatie, usitoke mbio kumpigia simu mkewe. Sikiliza, uandike kidogo.

Kisha uliza kuhusu kujiua, kwa maneno ya wazi: "Papa, umefikiri kujiua? Umefikiri namna gani?" Kuuliza hakumpandii mtu wazo hilo. Wanaoshtakiwa kwa makosa ya ngono wamo kati ya walio katika hatari kubwa ya kujitoa uhai, na saa zinazofuata kukamatwa au kukiri ni saa mbaya. Kama jibu ni ndiyo, usimwache peke yake mpaka mlinzi mkuu na muuguzi wa gereza wajue. Waambie wamtoe mkanda na kamba za viatu, wamweke na mfungwa mzee anayeaminika, wala wasitangaze kosa lake ndani ya pavilyo (jengo la wafungwa). Rudi kesho yake asubuhi. Kama huwezi, mtume mwenzako, na mtaje jina lake kwa mfungwa kabla hujaondoka ajue nani atakuja.